Kabla ya kufunga programu huria dukani, uliza ratiba yake

Ukitoka Soko la Samaki la Feri, Magogoni, ukapanda hadi mitaa ya Kongo na Msimbazi kule Kariakoo, utaona kwamba daftari la mzigo na la wadaiwa bado lipo juu ya meza. Lakini katika maduka mengi ya jumla, pembeni ya daftari hilo siku hizi ipo kompyuta inayotunza hesabu ya mali iliyoingia na iliyotoka. Fundi anayekuja kufunga programu ya kazi hiyo humwambia mwenye duka maneno mawili yanayopendeza masikioni: ni ya bure, na ni huria. Yote mawili huenda yakawa kweli. Neno la tatu, ambalo ndilo litakaloamua gharama, mara nyingi halisemwi. Toleo hili litahudumiwa hadi lini, na lijalo linatoka mwezi gani?

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Hakuna anayelipia leseni. Kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni neema kubwa, na makala hii haikusudii kumkatisha tamaa. Hata hivyo, programu si jembe linalonunuliwa mara moja likaisha makali polepole. Inafanana zaidi na mbegu za kisasa: hata ukipewa bure, usipojua msimu wake na siku zake za kukomaa, hasara itakuwa ya shamba lako, si ya aliyekupa.

Daladala, basi na pantoni

Wanaotengeneza programu hizi wametawanyika duniani, na wengi wao hawajawahi kuonana. Ili kazi yao ifike kwa mtumiaji ikiwa kitu kimoja, lazima wakubaliane lini wanafunga mzigo na kuutoa. Zipo njia mbili kuu za kukubaliana, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam anazifahamu kutokana na usafiri wake.

Njia ya kwanza ni ya daladala: gari haliondoki mpaka lijae. Mradi wa Debian, ambao ni msingi wa programu nyingi zinazoendesha kompyuta za maofisini, ulifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Toleo la Julai 2002 lilifuatiwa na jingine Juni 2005. Karibu miaka mitatu watu walikaa kituoni, kwa sababu kila mara kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakijawa tayari. Kilichotoka kilikuwa imara, lakini hakuna aliyeweza kupanga bajeti yake kwa kukitegemea.

Njia ya pili ni ya basi la mkoani: saa ikifika linaondoka, awe amepanda nani. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini, alianzisha Ubuntu akichukua kazi ileile ya Debian na kuifunga kwenye kalenda. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na tangu hapo hutoka mawili kila mwaka, Aprili na Oktoba. Namba ya toleo ni tarehe yake: 24.04 maana yake ni Aprili 2024. Mkulima atatambua kwamba miezi hiyo inaangukia masika na vuli yetu, ingawa waliopanga hawakuwa wakifikiria mvua za Morogoro. Mwaka 2006 toleo la Aprili lilisogezwa hadi Juni, nalo likabeba namba 6.06. Sababu ilikuwa nzuri: lilikuwa la kwanza kuahidiwa huduma ya muda mrefu, na waliona heri kuchelewa wiki sita kuliko kutoa ahadi ya miaka mitano juu ya kitu kibichi.

Debian nao walijirekebisha. Kwa miaka mingi sasa matoleo yao yamekuwa yakitoka kila baada ya miaka miwili hivi, likiwemo la Agosti 2025.

Kuna hali ya tatu, ngumu zaidi, ambapo si programu moja bali ni jukwaa ambalo wengine wanajenga kazi zao juu yake. Hapo mfano mzuri ni pantoni la Kigamboni. Magari, bodaboda, wanafunzi na akina mama wenye mabeseni ya samaki wanavuka pamoja, na mlango ukishafungwa aliyechelewa anasubiri linalofuata. Mradi wa Eclipse, ambao ni karakana ya watengenezaji wa programu, ulianza utaratibu huo Juni 2006, pale miradi 10 tofauti ilipotolewa siku moja. Kabla ya hapo kila mradi ulikuwa na tarehe yake, na mtengenezaji aliyetaka kuiunganisha alilazimika kubahatisha kipi kinaoana na kipi. Pantoni hilo lilivuka mara moja kwa mwaka. Tangu 2018 linavuka kila miezi mitatu.

Kwa jicho la mchumi, mabadiliko hayo ya mwisho yana somo. Pantoni likija mara moja kwa mwaka, anayekosa anapoteza mwaka mzima, hivyo kila mtu atasukuma kitu chake kiingie hata kama hakijakamilika, na kasoro zitavuka pamoja na mzigo. Likija kila baada ya miezi michache, hakuna sababu ya kusukumana. Kwa hiyo anayetengeneza anapenda safari za mara kwa mara. Lakini anayetumia ana hesabu tofauti kabisa: kila toleo jipya kwake ni siku za kujaribu, kufundisha wauzaji na kurekebisha yaliyovunjika. Kupanga ratiba ya matoleo ni kupatanisha hesabu hizo mbili, na kwa kawaida aliye karibu na meza ya mipango ndiye anayepata nafuu.

Mfano wa nyumbani: vitabu vya MTUHA

Mvutano huo tunao mfano wake hapa nyumbani, ingawa si wa dukani. Kila zahanati nchini inajaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Takwimu za vitabu hivyo huingizwa kwenye jukwaa huria liitwalo DHIS2. Shina lake liko Afrika Kusini, ambako mradi ulianza 1994 baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kinachouratibu. Kenya ililitumia jukwaa hili nchi nzima 2011, na kwetu lilikuwa limeenea mikoa yote ifikapo 2013, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa bega kwa bega na Wizara ya Afya. Leo linatumika katika nchi zaidi ya 70.

Kuanzia 2019 hadi 2022 DHIS2 ilitoa matoleo mawili kwa mwaka, moja karibu na Aprili na jingine karibu na Oktoba. Matoleo matatu ya karibuni ndiyo yanayopewa huduma, yaani yakigundulika na kasoro yanatumiwa kiraka. Piga hesabu: matoleo mawili kwa mwaka, matatu yakihudumiwa, maana yake kila toleo lina uhai wa mwaka mmoja na nusu hivi. Sasa fikiria nchi yenye halmashauri zaidi ya 180 kwa upande wa Bara peke yake. Wizara lazima ijaribu toleo jipya, ihakikishe fomu zote zinafunguka, iandae mafunzo, ipate fedha za mafunzo hayo, kisha ihame. Kazi hiyo ikikamilika, toleo lililohamiwa linakuwa limekaribia kuisha muda wake. Ni sawa na mkulima anayeletewa mbegu mpya kila anapomaliza kupalilia ya zamani.

Kuanzia 2023 ratiba ilibadilishwa. Toleo kubwa likawa moja kwa mwaka, la 2.40 likitoka Mei 2023 na la 2.42 Mei 2025. Matatu bado yanahudumiwa, kwa hiyo uhai wa kila moja umefika miaka mitatu. Wakati huohuo programu ndogo zinazokaa juu ya mhimili zilitenganishwa nao, ziweze kutolewa peke yake bila kusubiri toleo kubwa. Mhimili unakwenda polepole, vikorombwezo vinakwenda haraka. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya jukwaa hilo, na haukuhitaji msimbo mpya wa maajabu. Ulihitaji kalenda.

Yaliyomo ndani ya kila toleo nayo hupangwa. Maombi huja kutoka wizara mbalimbali, vikundi vya wataalamu kama kile cha Dar es Salaam na mashirika yanayotoa fedha. Maombi huwa mengi kuliko mikono, hivyo huchujwa: kipi kinawafaa wengi, kipi kina hatari kisipofanywa, kipi kina mtu wa kukifanya. Hapa tusidanganyane. Anayelipa husikika zaidi. Norad ya Norway, Global Fund na PEPFAR ya Marekani wamekuwa miongoni mwa wachangiaji, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kila mpango uliotegemea fedha hizo duniani kote ulilazimika kutazamwa upya. Programu kuwa huria hakuiondolei bili ya mishahara.

Ratiba nzuri huacha pia nafasi ya dharura. Januari 2020, Sri Lanka ilihitaji haraka njia ya kufuatilia wasafiri kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wataalamu wake wakaijenga juu ya DHIS2. Kazi hiyo haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Ilichukuliwa, ikasafishwa, ikagawiwa nchi nyingine. Mpango uliojazwa hadi ukingoni usingepata mikono ya kufanya hivyo.

Wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kutoa, mlango wa pantoni hufungwa. Hakuna kipya kinachoingia, kinachobaki ni kusaka kasoro. Kipindi hiki ndicho kinachowasumbua sana wafasiri, na Waswahili tunalo la kusimulia. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya kwanza ya ofisi iliyosema Kiswahili: kuandika barua, kupiga hesabu kwenye jedwali, kuandaa maonyesho. Kazi ya kuunda istilahi ilikuwa kubwa. Haujapita mwaka, Oktoba 2005, OpenOffice yenyewe ikatoa toleo la pili, lenye menyu na maneno mengi mapya yanayosubiri tafsiri. Septemba 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji wake ikajitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo hutoa matoleo mawili kwa mwaka. Mfasiri wa lugha isiyo na mfadhili wa kudumu anaikimbiza treni inayoongeza mwendo. Mfanyabiashara anayetaka risiti ya Kiswahili ajue kwamba tafsiri nayo ina tarehe, na aulize imefika toleo lipi.

Hesabu ya duka

Turudi Kariakoo. Miongoni mwa programu huria za stoo na mahesabu zinazojulikana sana duniani ni Odoo, iliyoanza Ubelgiji 2005 kwa jina la TinyERP. Hutoa toleo kubwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba, na matatu ya karibuni ndiyo yanayohudumiwa. Ipo kwa sura mbili, ya kulipia na ya bure. Jambo ambalo mafundi wengi hawalielezi ni hili: huduma rasmi ya kuhamisha kumbukumbu zako kutoka toleo moja kwenda jingine ni ya wanaolipia. Wa sura ya bure hutegemea kazi ya watu wa kujitolea, ambao huja nyuma ya toleo, au humlipa fundi.

Tuseme fundi anataka shilingi 500,000 kuhamisha. Duka linasimama siku mbili, na faida yake ya siku ni 150,000, hivyo 300,000 zimepotea. Kuwafundisha wauzaji wawili ni 100,000. Jumla 900,000. Ukihama kila mwaka, programu ya bure inakugharimu 75,000 kwa mwezi. Ukihama kila miaka miwili ni 37,500, na kila miaka mitatu ni 25,000. Weka tarakimu zako mwenyewe, lakini hesabu iendeshe hivyo, kisha ulinganishe na ada ya mwezi ya programu ya kulipia inayouzwa mtaa wa pili. Kwa duka moja, ya bure itashinda kwa mbali. Kwa jingine, hasa lenye wauzaji wengi wanaobadilika, huenda isishinde. Usisahau kwamba kuruka matoleo matatu kwa mkupuo ni kazi nzito kuliko kuruka moja, hivyo ile 500,000 ya fundi haitabaki palepale. Mimi ningechagua miaka miwili.

Kuna wanaosema: kwa nini nihame kabisa, si inafanya kazi? Swali ni la haki. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti inaweza kukaa na toleo la zamani kwa miaka. Iliyounganishwa ni jambo jingine. Desemba 2021 dunia iligutushwa na udhaifu katika kipande cha programu kiitwacho Log4j, kinachotumiwa ndani ya programu nyingi bila mwenye duka kujua. Viraka vilitoka upesi kwa matoleo yaliyokuwa yakihudumiwa. Aliyekuwa kwenye toleo lililokwisha muda alijitegemea.

Msingi ulio chini ya programu nao una tarehe zake. Odoo imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Watunzaji wa lugha hiyo walitangaza kwamba kizazi chake cha pili kingekoma 2015, wakaona watu hawajajiandaa, wakasogeza hadi Januari 1, 2020. Odoo ilihamia kizazi cha tatu katika toleo lake la 2017. Kila duka lililokuwa na nyongeza za fundi wake zilizoandikwa kwa kizazi cha pili lililazimika kumlipa mtu aziandike upya. Kwa kompyuta inayotunza kumbukumbu za duka, ningechagua Ubuntu ya huduma ndefu, inayotoka Aprili ya kila mwaka wa pili, kama ile ya 2024, na kuhudumiwa miaka mitano bila malipo. Zile za katikati zinahudumiwa miezi tisa tu, hazifai kwa biashara.

Nyongeza hizo za fundi zinastahili neno la ziada, kwa sababu ndipo fedha nyingi za wenye maduka zinapopotelea. Fundi anabadilisha msimbo ili risiti itoke unavyotaka au ili programu ikubaliane na mashine yako ya EFD. Badiliko likibaki kwako peke yako, kila toleo jipya litalivunja, na kila mara utamwita yeye yuleyule. Badiliko lenye manufaa kwa wengine likirudishwa kwenye mradi wenyewe na kukubaliwa, linasafiri na pantoni. Wataalamu wa Dar es Salaam waliojenga juu ya DHIS2 programu ndogo ya kadi za alama za utendaji waliiweka mahali ambapo nchi nyingine zinaichukua na kuitumia. Kazi hiyo haitegemei tena kompyuta ya mtu mmoja.

Kuhusu mwezi wa kuhama, kalenda ya Ubelgiji au Norway isikuburuze. Oktoba, Odoo inapotoka, ndipo kwa kawaida minada ya korosho inapofunguliwa kusini, na chama cha msingi kinachobadilisha programu wiki hiyo kinajitafutia maneno na wakulima. Kariakoo nayo kuanzia Novemba inajaa wanunuzi wa sikukuu, kisha Januari ni sare na madaftari ya shule. Juni 30 mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, na awamu ya kodi ya makadirio inadaiwa siku hiyohiyo. Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, hivyo itazame kila unapopanga. Kwa wauza nguo na nafaka wengi, nafasi inabaki Agosti au mwanzo wa Septemba, na wakati huo toleo la Oktoba iliyopita limekwisha kukaa miezi kumi sokoni na kasoro zake kubwa zimeshapata viraka. Waliotangulia wamekusaidia kujaribu.

Kwa chama cha wanunuzi wa pamba, ambao msimu wao huanza Mei, Februari inafaa zaidi.

Kabla ya kuhama, fundi aweke nakala ya kumbukumbu zako kwenye kompyuta nyingine na kuipandisha toleo jipya huko. Muuzaji wako, si fundi, ndiye auze mauzo ya siku moja ya kubuni, apokee mzigo, amrudishie mteja fedha, na kutoa hesabu ya jioni. Hesabu hiyo ikikataa kulingana, kompyuta ya dukani haijaguswa bado na biashara inaendelea.

Mkataba na fundi uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja. Utaje jina la programu, namba ya toleo na mwezi ambao huduma yake inakoma, maana vyote vitatu vimetangazwa hadharani na wenye mradi na fundi hana sababu ya kutovijua. Useme nywila kuu ya mfumo anaitunza mwenye duka. Na theluthi ya malipo ibaki mkononi hadi fundi atakapokuonyesha jinsi ya kutoa orodha ya mali na wadaiwa wote kwenye jedwali la kawaida, nawe ukaifungua mwenyewe kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuigusa.